Mashine, Msafara na Ghala: Biashara ya Teknolojia Ikitazamwa Kutoka Ubaruku

Habari za biashara ya teknolojia katika Afrika Mashariki huandikwa kwa mtindo unaojulikana. Kampuni fulani ya Nairobi imepata mamilioni ya dola, nyingine imepunguza wafanyakazi, kituo kipya cha ubunifu kimezinduliwa na kiongozi amekata utepe. Mei 2024 habari kubwa ilikuwa ya Copia, kampuni ya Kenya iliyouza bidhaa za nyumbani vijijini na mitaani kupitia mawakala wenye maduka. Ilikosa fedha mpya za wawekezaji ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Mwaka uliotangulia Sendy, iliyokuwa ikiwaunganisha wenye mizigo na wenye malori, ilikuwa imefunga milango. Wachambuzi wakasema majira ya ukame yamefika.

Mwezi huohuo wa Mei, katika bonde la Usangu nchini Tanzania, mpunga ulikuwa umeanza kukatwa. Ubaruku ilikuwa inaingia katika miezi yake ya pilikapilika: malori, vumbi, pumba zinazopepea, simu zinazolia bila kupumzika. Hakuna gazeti la biashara lililohesabu kwamba hiyo nayo ni habari ya teknolojia. Mimi nadai ni habari kubwa kuliko ile ya kwanza, na kwamba mustakabali wa teknolojia ya biashara katika Mbeya na Iringa utaamuliwa zaidi na yanayotokea kwenye mashine za kukoboa kuliko yanayotokea kwenye majukwaa ya kunadi mawazo.

Ubaruku ipo wilaya ya Mbarali, jirani na shamba kubwa la mpunga la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, muongo uleule ambao reli ya TAZARA ilikamilishwa. Shamba lilikuwa mali ya umma chini ya NAFCO, shirika la taifa la kilimo na chakula, likabinafsishwa miaka ya 2000. Lakini kilimo cha mifereji hakikuanza na Wachina. Wabaluchi waliohamia Usangu wakati wa ukoloni ni miongoni mwa waliochimba mifereji ya mpunga ya mwanzo, na wakulima wa makabila mengi waliomiminika baadaye waliendeleza kazi hiyo. Bonde hili lina desturi ndefu ya kupokea maarifa ya mbali na kuyafanya yake. Mbegu ya SARO 5 ilitoka kwa watafiti wa Dakawa, Morogoro. Pawatila na kombaini zimetoka Asia. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kuhusu ubunifu. Kilichofaa kilishikwa, kisichofaa kikaachwa kando ya jaruba.

Mgeni akiuliza soko la mpunga liko wapi, huonyeshwa mashine. Neno hilo hapa halina maana ya chuma peke yake. Mashine ni uwanja wa kuanikia, ghala, mzani, karani na daftari lake, vibarua wa kubeba magunia, kina mama wanaopepeta na kuchambua, na madalali wanaokaa kivulini wakisubiri simu. Mkulima analeta mpunga wake, unahesabiwa, unaandikwa, unawekwa ghalani. Kwa kawaida anaweza kuuacha hapo mradi aje kuukoboa palepale. Bei ikimridhisha, au shida ikimbana, anamwambia dalali. Mnunuzi wa Dar es Salaam au wa kuvuka mpaka anakuja, anachukua kiganja cha mchele, anautazama chenga na weupe wake, anaunusa. Mpunga unakobolewa mbele ya macho yao, mchele unapimwa kwa kilo, fedha zinapita kwenye simu, benki au mkononi, na mwenye mashine anakata ada yake.

Katikati ya hapo kuna jambo ambalo mtu wa mjini hulikosa. Mkulima mwenye magunia ghalani akipatwa na msiba au ada ya shule, haendi benki. Anaenda kwa mwenye mashine, ambaye anajua ana magunia mangapi, anamjua baba yake, na anaweza kumpa fedha leo zikatwe mchele utakapouzwa. Nyumba moja imekuwa ghala, soko, benki na chombo cha habari. Wataalamu wa programu wangeiita jukwaa na kuiombea mtaji. Watu wa Ubaruku wameijenga kwa mabati, umeme na kuaminiana.

Sitaki kuipamba. Anayekopesha ndiye anayepima, na dalali anayemtafutia mkulima bei anakula kwenye meza ya mwenye mashine. Daftari ni moja na linalala kwake. Nje ya mashine hali ni ngumu zaidi. Januari na Februari, wakati wa kupandikiza, mkulima asiye na fedha za vibarua na mbolea hukopeshwa shilingi kwa ahadi ya magunia wakati wa mavuno, na magunia hayo huhesabiwa kwa bei ya mwenye fedha. Huko shambani ndiko lumbesa inakoishi: gunia linashonewa kichwa juu ya kichwa, linalipwa kama gunia moja. Wakala wa Vipimo umeipiga marufuku, lakini sheria haifiki kwenye kila jaruba saa kumi na mbili jioni mvua ikitishia.

Sasa tulinganishe desturi hii na ile inayotawala habari. Ninaiita desturi ya msafara, na sababu yake iko hapahapa Usangu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani waliiita nchi hii Urori, na Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, anaitaja katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, pamoja na mtawala wake Merere. Msafara wa bara ulitaka mtaji mkubwa kabla ya faida yoyote: vitambaa, shanga, bunduki, posho za wapagazi. Mtaji huo ulitoka Unguja, kwa matajiri wa Kihindi kama Taria Topan, waliotoa bidhaa kwa mkopo wakisubiri pembe za ndovu baada ya miaka. Tajiri hakuhitaji kuijua Urori. Alihitaji kumjua kiongozi wa msafara, kumwamini, na kugawa mtaji wake kwa misafara kadhaa ili mmoja ukirudi na pembe nyingi ufidie uliopotea. Biashara ile ilibeba pia watu waliofanywa watumwa, na uovu huo haufai kupakwa rangi. Ninapolinganisha mtaji wa leo na msafara ninalinganisha umbo la hesabu: fedha za mbali, kiongozi mmoja anayeaminiwa, haraka ya kwenda mbali, na matarajio kwamba ushindi mmoja utalipia hasara nyingi.

Twiga Foods ni mfano wa karibu. Ilianza Kenya mwaka 2014 na ndizi, ikinunua kwa wakulima na kuwafikishia wauza mboga wa Nairobi, kwa hoja kwamba watu wa kati ni wengi mno na wanakula sehemu kubwa ya bei. Hoja ilikuwa na ukweli. Mwaka 2021 ilipata dola milioni 50 katika mzunguko mmoja. Mwaka 2023 ikapunguza wafanyakazi kwa wingi na kubadili namna ya kufanya kazi. Kilichoonekana ni kwamba yule mtu wa kati aliyedharauliwa alikuwa akifanya kazi nyingi zisizoandikwa: kupanga ubora kwa jicho, kubeba hasara ya kilichooza, kukopesha wiki ya njaa, kujua nani halipi. Kampuni ikizichukua kazi hizo, inapaswa kuzilipia mshahara, mafuta na ghala. Mtaji wa msafara hauna subira na gharama za namna hiyo.

Hata hivyo ushindi mkubwa kuliko wote wa Nairobi haukuja kwa njia ya msafara. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005, kwa fedha zilizochangiwa na serikali ya Uingereza, lengo lilikuwa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kurejesha madeni yao kwa simu. Watu wakaanza kutumiana fedha kwa mambo yao. Waliosimamia jaribio waliwatazama, wakabadili huduma, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kwa ahadi ya kutuma fedha nyumbani. Tena moyo wake ulikuwa wakala: mtu dukani, mwenye fedha taslimu na floti, anayejulikana mtaani. Ni desturi ya mashine ikiwa imevaa sare ya kampuni ya simu. Ajabu ni kwamba kizazi kilichofuata kiliona faida ya M-Pesa kikasahau namna ilivyosikiliza.

Kuhusu watu wa kati, India ina mfano unaofaa kusomwa kwa makini Ubaruku. Mwaka 2000 kampuni ya ITC ilianzisha e-Choupal katika jimbo la Madhya Pradesh kwa wakulima wa soya. Kompyuta iliwekwa nyumbani kwa mkulima anayeaminika kijijini, akawa anawatangazia wenzake bei ambayo kampuni ingetoa siku hiyo. Mkulima akiridhika alipeleka soya yake kwenye kituo cha kampuni, ikapimwa kwa mzani wa umeme mbele yake, akalipwa palepale. Madalali wa zamani hawakufukuzwa. Wengi walipewa kazi mpya ndani ya mfumo kwa sababu walikuwa na ghala, usafiri na fedha za mkononi. ITC ni kampuni kubwa iliyofanya hivyo kwa faida yake, lakini ilielewa kwamba mkulima aliujali mzani kabla ya kuijali kompyuta.

Katika Tanzania tumependa kuamini kwamba mkulima akijua bei atakuwa ameokolewa. Huduma za ujumbe mfupi wa bei za mazao zimekuja kwa majina mbalimbali tangu mitandao ya simu ilipoenea. Ushahidi wa dunia kuhusu jambo hili ni wa pande mbili, na inafaa tuuseme wote. Robert Jensen alichunguza wavuvi wa dagaa wa Kerala kati ya 1997 na 2001, akakuta kwamba minara ya simu ilipofika pwani tofauti za bei kati ya masoko zilipungua sana na samaki wa kutupwa karibu wakaisha. Jenny Aker alionyesha kwamba nchini Niger simu zilipunguza tofauti za bei ya nafaka kati ya masoko kwa asilimia 10 hadi 16. Lakini Marcel Fafchamps na Bart Minten walipowapima wakulima wa Maharashtra waliopewa huduma ya bei kwa ujumbe wa simu, hawakuona faida ya maana katika bei waliyouzia.

Tofauti iko wapi? Mvuvi wa Kerala ana chombo chake na samaki ni wake. Akisikia bei ni nzuri ufukwe wa pili, anageuza usukani. Mfanyabiashara wa Niger ana lori. Mkulima wa Mbarali anayedaiwa tangu Februari anaweza kuijua bei ya Dar es Salaam hadi senti, na bado akauza Juni, kwa sababu mwenye deni amesimama mlangoni. Bei ya Desemba ni nzuri zaidi na kila mtu anajua hivyo bila kutumiwa ujumbe. Kinachomkosesha ni uwezo wa kusubiri. Anayetengeneza programu ya bei kwa ajili ya Ubaruku anatibu pasipouma.

Hapa ndipo ninapovutwa na desturi ya tatu, iliyo mbali kabisa na sisi lakini ni ya zao letuletu. Huko Osaka, Japani, katika zama za utawala wa ukoo wa Tokugawa, watawala wa majimbo walikuwa wakikusanya kodi kwa mchele na kuupeleka kwenye maghala yao mjini ili uuzwe. Mnunuzi hakupewa magunia papo hapo. Alipewa hati ya mchele. Hati moja ilisimama badala ya koku kumi, takriban tani moja na nusu. Hati zikaanza kuuzwa zenyewe, zikawekwa rehani, zikakopewa fedha. Soko la Dojima likakua juu ya karatasi hizo, na mwaka 1730 shogun Tokugawa Yoshimune akalitambua rasmi, pamoja na biashara ya mchele wa siku zijazo ulioandikwa vitabuni tu. Ni mwanzo wa masoko ya ahadi ya mazao kama dunia inavyoyajua. Bei za Dojima zilisafirishwa na matarishi, na baadaye kwa bendera zilizopungwa kutoka kilima hadi kilima, watazamaji wakizisoma kwa darubini. Karne mbili kabla ya simu ya mkononi, habari ya bei ilikuwa ikipaa juu ya milima.

Msomaji atapenda bendera, na mimi nazipenda. Lakini bendera zisingekuwa na thamani kama hati zisingeaminika. Kazi ngumu ilikuwa chini, kwenye ghala: kupima, kupanga daraja la mchele, kuandika, kulinda, na kumpa mwenye hati mchele wake alipoudai. Desturi hiyo nayo ilijeruhiwa. Baadhi ya watawala walitoa hati zisizo na mchele nyuma yake ili wapate fedha, imani ikayumba, na serikali ikalazimika kuzikataza. Wajapani walijifunza kwa maumivu kwamba soko la karatasi ni imara kadiri ghala lilivyo aminifu.

Sisi tunayo sheria ya mambo haya. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na tangu msimu wa 2007/08 korosho za kusini zimeuzwa kwa mfumo huo. Mkoani Mbeya kwenyewe kakao ya Kyela imepitia stakabadhi ghalani, na minada ya baadhi ya mazao sasa hufanyika kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Kwa korosho na kakao, mazao yanayoondoka nchini kupitia wanunuzi wachache, mnada wa pamoja una mantiki kubwa. Mwaka 2018 ulionyesha udhaifu wake: bei ya mnada wa korosho ilipokataliwa, serikali ikaingia kununua yenyewe, wanajeshi wakapewa kazi ya kusomba, na wakulima wengi wakakaa wakisubiri malipo. Aliyeshika stakabadhi alikuwa na karatasi, ila hakuwa na neno juu ya lini auze.

Mpunga hauwezi kubebwa kwa mfumo uleule bila kubadilishwa. Mkulima wa Ubaruku anakula mchele wake, anatoa zaka, anampelekea mama yake gunia, anauza mawili leo na matano mwezi ujao. Wanunuzi ni wengi na wanatofautiana, kuanzia mwenye semitrela hadi mchuuzi wa gunia moja. Ukimlazimisha kupeleka yote kwenye ghala moja na kusubiri mnada, umemnyima uhuru alio nao kwenye mashine, na atakukimbia usiku. Hukumu yangu ni kwamba stakabadhi ya mpunga ikifaulu Mbarali itazaliwa ndani ya mashine, kwa kumgeuza mwenye mashine kuwa mtunza ghala aliyesajiliwa, anayekaguliwa, asiyekuwa na haki ya kupima mchele wa mtu anayemdai bila shahidi. Mwenye mashine atapinga mwanzoni, kisha atakubali akiona kwamba stakabadhi yenye nguvu ya kisheria inaleta fedha za benki kwenye ghala lake na kumtua mzigo wa kukopesha kutoka mfukoni mwake.

Kwa wenye ujuzi wa teknolojia wa nyanda hizi, hiyo ni kazi ya miaka mingi. Watu wapo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichopanda hadhi kutoka chuo cha ufundi, kinafundisha umeme, mitambo na kompyuta chini ya paa moja, na hilo ni jambo adimu. Iringa ina vyuo vikuu na ina kituo cha ubunifu cha Kiota Hub. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, limekuwepo tangu 1973. Kinachohitajika kinagusa chuma na programu kwa pamoja: mzani unaoonyesha uzito kwa pande zote mbili na kuutuma kwenye simu ya mkulima palepale; kipima unyevu cha bei ya kawaida, kwa sababu mpunga mbichi ghalani huoza na kuipotosha stakabadhi; rekodi ya daraja la mchele baada ya kukoboa. Vitu hivi havipendezi jukwaani. Havikui mara kumi kwa mwaka. Mtaji wake unaofaa ni wa chama cha ushirika, wa benki ya kilimo, wa mwenye mashine mwenyewe, watu wanaoweza kungoja misimu mitano.

Upande wa malipo tuna sababu ya kujivunia kuliko tunavyosema. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kenya, yenye sifa zote, ilifika hapo mwaka 2018. Lakini Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilitupa somo baya: kilio kilikuwa kikubwa, serikali ikapunguza viwango mwezi Septemba na kuendelea kupunguza mwaka uliofuata, na kati ya hapo wafanyabiashara wengi walikumbuka starehe ya noti mkononi. Mwenye mashine anayehamisha mamilioni kwa siku ya mavuno huona kila senti ya makato. Mapato ya haraka yaliwarudisha watu kwenye daftari lisiloonekana, jambo ambalo hata mkusanya kodi hakulitaka.

Limebaki swali la daftari lenyewe, na naliona kuwa zito kuliko la mzani. Mashine ikishaandika kwa kompyuta, historia ya misimu ya mkulima itakuwa na thamani: amelima ekari ngapi, amevuna magunia mangapi, amelipa deni lini. Benki itaitaka. Muuza mbolea ataitaka. Kampuni ya Nairobi au ya Dar es Salaam itakuja kuinunua kwa mwenye mashine, na mwenye mashine atadhani ni yake kuiuza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzijua taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine. Kwa hiyo kijana wa Mbeya anayeketi leo kuandika programu ya mashine ya Ubaruku aanze na ukurasa wa mkulima: nakala ya daftari lake, kwa Kiswahili, kwenye simu ya kawaida ya vitufe, ambayo anaweza kuipeleka kwenye mashine ya jirani au kwenye dirisha la benki mjini Rujewa bila kumwomba mtu ruhusa. Ukurasa wa bei unaweza kungoja msimu ujao.